Mihrabu Iliyotazama Baharini

Exeter, Uingereza
14 Januari 1962

Baba yangu mpenzi, shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi inanila masikio. Nataraji wewe na mama hamjambo, na lile goti limepoa.

Uliuliza kazi yangu hasa ni ipi. Mji huu ulipigwa mabomu wakati wa vita, makanisa na nyumba za kale zikawa vifusi. Sisi tunazichora upya kwa picha za zamani na maneno ya wazee, ili watu wazione zilivyokuwa. Nimeshachora makanisa tisa ambayo sikuwahi kuyaona. Mkubwa wangu husema nina jicho la ajabu. Sikuambii kwa kujisifu. Haya, kidogo najisifu.

Mwanao,
Zahoro

Jego
12 Machi 1962

Mwanangu Zahoro, marahaba. Sisi wazima, goti ni lile lile.

Barua yako nimewasomea watu mpaka wamechoka kunisikia. Mafuriko ya mwaka jana yaliuchukua msikiti wetu, na kiwanja chake kimeliwa na mto. Ramadhani nzima tumeswali chini ya turubai. Tumepata kiwanja juu kidogo na fundi Dzombo yuko tayari, lakini huyu asema nguzo zilikuwa sita, yule nane. Nikawaambia mwanangu atauchora. Umeswali mle, kuliani kwangu, tangu una meno ya utoto. Ukiyaweza makanisa ya watu, msikiti wako hautakushinda.

Baba yako,
Mbwana

Exeter
20 Juni 1962

Baba, shikamoo. Natumai u mzima. Nisamehe kuchelewa, kazi zimenisonga. Mchoro ndio huu, nguzo sita, madirisha yote na mihrabu. Nimeumaliza kwa siku moja, maana msikiti wetu sihitaji picha kuukumbuka.

Mwanao,
Zahoro

Jego
9 Septemba 1962

Mwanangu Zahoro, marahaba. Mamako akusalimu.

Mchoro sikuufungua nyumbani. Niliutandaza mbele ya watu wote baada ya swala ya Ijumaa. Waliisifu mistari yako safi, na ule mshale wa kuonyesha kaskazini. Kisha Mwalimu Boga, imamu wetu, akaufuata mshale kwa kidole, kikaishia mlangoni. Mihrabu umeiweka mashariki, mwanangu. Kaskazini, kwenye kibla, umeweka mlango. Kwa mchoro wako tungeipa Makka ubavu na kuisujudia bahari. Mtu mmoja akacheka, wengine wakatazama miguu yao. Tangu siku hiyo napita nyuma ya nyumba za watu.

Fundi hajachimba, hana hasara. Mimi nina swali moja. Huko ukiswali, waelekea wapi?

Baba yako,
Mbwana

Exeter
3 Novemba 1963

Baba, shikamoo. Mwaka na zaidi naanza barua hii na kuichana. Afya yangu nzuri, hapo sina kisingizio.

Makanisa ya huku madhabahu yake huwa mashariki. Mkono ulizoea, ukaiweka mihrabu huko huko, na mimi sikushtuka. Hilo ndilo linaloniaibisha, kwamba sikushtuka. Sijaswali tangu mwaka wangu wa pili huku, baba. Naona haya kuliandika neno hili kwako, uliyenisifu mbele za watu. Ukiona sistahili jibu, sitakulaumu.

Mwanao, ukiniruhusu,
Zahoro

Jego
5 Januari 1964

Mwanangu Zahoro, marahaba. Goti linanisumbua, mengine salama. Bendera mpya ya uhuru imepandishwa, watu wamecheza ngoma siku tatu.

Barua yako sikumsomea mtu. Nililia, nikakasirika, kisha nikatawadha nikaenda kuswali. Nilikuonea haya muda mrefu. Sasa najionea haya mwenyewe, niliyekunadi kama muuza samaki.

Msikiti umesimama. Mwalimu Boga alituambia kila mtu aende kiwanjani, asimame pale alipozoea kusimama. Tulibishana, tukasukumana, tukatulia, na fundi Dzombo akapiga vigingi kutuzunguka. Nguzo zilikuwa nane. Safu ya pili, kuliani kwangu, palibaki wazi kiasi cha mtu mmoja. Fundi akaniambia nisogee. Katika swala hatuachi pengo, lakini siku ile tulikuwa tunapima tu, nikakataa. Akapima hivyo hivyo.

Ramadhani itaingia kabla barua hii haijakufikia. Nimemuuliza Mwalimu, asema huko uliko kibla ni mashariki, kukata kusini kidogo. Basi huna haja ya kumuuliza mtu njia. Simama kama makanisa yako yalivyosimama, kisha pinda kulia kidogo.

Baba yako,
Mbwana