Mke Wangu Ameshuka na Ndege

Shemeji Olinka,

Mimi mzima, goti tu ndilo linanikorofisha. Kaka yako Evon kapata sili mnene, na sasa hakuna anayepumua kwa majigambo yake.

Jumanne theluji ilifunika kiwanja cha ndege, na mjukuu wangu Feodora alikuwa angani tayari, anatoka kujifungua mjini Bethel. Nikawasha greda, nikaanza kukwangua. Mara rubani akaita kwenye redio:

"Mzee, sioni pa kutua. Nageuza."

Akigeuza, Feodora atabaki mjini kwa yule bwana wake anayembembeleza asirudi, na kitoto hatukioni tena.

"Usigeuze! Umembeba mke wangu humo!"

"Mke gani? Nina msichana na kichanga tu."

"Basi huyo kichanga!"

Mgeni yule, nani alimwambia kwamba kwetu mtoto anayepewa jina la marehemu ndiye marehemu karudi?

"Mzee, umekunywa?"

"Bado. Zunguka kidogo, nakumalizia."

Akazunguka huku akinung'unika, nami nikakwangua mpaka changarawe zikaonekana. Akatua.

Nikampakata kichanga, Nastasia wangu, nikamwambia, "Mama, umechelewa." Akanikojolea. Watu wakacheka, nami nikacheka. Tangu tumzike sikuwa nalala, Shemeji. Siku hiyo nililala na viatu miguuni.

Njoo umwone. Lakini uingie kwa adabu na umpe shikamoo yake, maana hata akiwa kwenye nepi, bado ni dada yako mkubwa.

Shemeji yako asiyefaa,
Wassillie