Cheo Alichopewa Kaburini

Kisumu, Jumapili baada ya kanisa

Mdogo wangu Wakesho,

Nawasalimu nyote hapo Wundanyi kutoka huku ziwani. Goti la Mama linaendeleaje na baridi hiyo? Mimi ni mzima, ila joto ni kali na mbu wa hapa hawana likizo.

Ujumbe wako nimeusoma. Meneja wa hoteli ameondoka, mkurugenzi anataka ushike ofisi yake kama kaimu "kwa muda kidogo", na kesho anataka jibu. Unaniuliza ukubali au ukatae. Kwanza nikueleze habari za Mama Beryl.

Ndiye aliyenipokea nilipohamishiwa redio hii. Alinikataza kuandika "inadaiwa" juu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Alikuwa kaimu mhariri mkuu tangu kabla sijafika. Kila bosi aliyekuja alimwomba avumilie kidogo, kisha cheo kikaenda kwa mwanamume, mara nyingine mwanamume aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. Huyo akihama, Mama Beryl anarudishwa kuwa kaimu. Hakugombana na mtu. Alisema kazi yake itamsemea.

Presha ilimchukua ghafla. Tulimzika kwa mumewe, upande wa Kombewa. Huku mwajiri lazima asimame mbele ya jeneza aseme marehemu alikuwa nani kazini. Asipofanya hivyo, familia huona amemdharau mtu wao. Basi bosi wetu akashika kipaza sauti, akasema, "Leo tunamzika Mhariri Mkuu wetu."

Mbele yangu alikuwa ameketi dada ya marehemu, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwa, kutoka Usenge. Aligeuka, wala hakupunguza sauti. "Mkuu? Tangu lini? Kwani mlimpandisha akiwa mochari?"

Waliokuwa karibu walicheka.

Sasa kuna hili. Sauti ya Mama Beryl, kwa jina lake kamili, ndiyo inayofungua habari kila saa: "Mimi ni Mildred Atieno. Karibu tusikilizane." Ilirekodiwa zamani na hakuna aliyethubutu kuitoa. Mimi si mtu wa mizimu, unanijua. Lakini saa ikitimia ofisi nzima hunyamaza, na mikono yangu huacha kuandika.

Jumanne nilikuwa Usenge kuandika habari za omena. Wanawake walikuwa wakianika, redio imetundikwa kwenye nguzo. Sauti ikaja.

"Zima hiyo, yawa! Huyu si tulimzika?" mmoja akasema.

"Wacha aongee," mwenzake akajibu, akiendelea kutandaza samaki juu ya wavu. "Kwani anakula omena yako?"

Dada ya marehemu hakucheka. Aliniuliza ni nani amekalia kile kiti. Nikamwambia bado hakuna mtu.

"Watakuita wewe," akasema.

Waliniita Alhamisi. Bosi alikuwa mpole. "Mghoi, shikilia kama kaimu, kidogo tu. Wewe unajua kuvumilia, kama Mama Beryl."

Hapo saa nne ikatimia, na sauti ikapenya ukutani kutoka studio. Sote wawili tulingoja amalize, kama tunavyomngoja mtu aliyeingia chumbani.

Nikasema, "Bosi, lile neno ulilolisema Kombewa, niambie mimi ningali nasikia. Mbele ya wenzangu, na kwa maandishi. Bila hivyo, nabaki ripota."

Aliangalia meza. "Yale yalikuwa maneno ya matanga tu."

"Najua," nikasema.

Hajanijibu. Huenda akampa mwingine, na nikabaki kuzunguka na vumbi la Usenge hadi nistaafu. Hilo nimelipima.

Kwa hiyo kesho, Wakesho, usikatae kazi. Unaiweza kuliko wao. Kataa hilo neno "kidogo". Muulize linaisha lini, kisha unyamaze. Atahangaika kwenye kiti chake. Usimsaidie kujibu.

Nisalimie Mama, na umwambie dawa ya goti nitaituma. Msalimie Mjomba Mwakio, fundi wetu wa paa, pamoja na shemeji yangu, mumeo, anayelea mtoto ukiwa zamu. Mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Nakomea hapa. Jirani amewasha redio na saa imetimia. Mama Beryl anatukaribisha.

Dada yako,
Mghoi