Sarafu Iliyovuliwa Suti

6 Februari

Kwa Bibi, mke mkubwa,

Shikamoo. Magoti yanakuamshaje siku hizi? Na ile dawa ya kupaka uliyosema inanuka kama kiatu cha askari, bado unapaka au umeificha chini ya kitanda? Mimi sijambo. Nakula, nalala, na macho nayatunza, maana huku kazini ndiyo mtaji wangu.

Najua simu huisikii vizuri, kwa hiyo naandika. Nina habari. Muda wangu wa kujifunza kwenye hii nyumba ya kupima sarafu za kale unaisha mwezi wa nne. Watu wanatuletea sarafu zao za fedha, tunazitazama chini ya taa, tunazipa alama kuanzia moja hadi sabini, kisha zinafungiwa kwenye kasha la plastiki pamoja na kikaratasi cha alama. Wanafunzi tuko watatu na nafasi ni moja. Nikiikosa narudi kule dukani kuwavisha watu viatu.

Mtihani wenyewe una utaratibu wake. Kila mwanafunzi analeta sarafu moja ambayo hakuna mtu pale ndani aliyewahi kuiona. Anaiweka mbele ya wapimaji watatu, anataja alama yake na kuitetea. Mkubwa wao tunamwita Mzee Lenzi, kwa kuwa lenzi yake inaning'inia shingoni hata akiwa anakula. Wenzangu wanahaha kutafuta sarafu. Mimi nimetulia tuli. Bibi, nataka ile ya Babu.

Ile aliyoikuta ndani ya bitana ya koti kuukuu alilopewa kulitengeneza, mwenye koti akamwambia kaa nayo. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ukingoni ilikuwa bluu, halafu zambarau, halafu kahawia, na katikati manjano kama dhahabu. Wakati ule nilidhani Babu ameipaka rangi. Sasa najua kwamba fedha ikikaa miaka mingi mahali pamoja inajitengenezea rangi hizo yenyewe, na wapo watu wanaozitafuta maisha yao yote. Ulisema mwenyewe kwamba aliniachia mimi. Nitumie kwa posta, tafadhali.

Mke mdogo,
mjukuu wako


27 Februari

Kwa mke mwenzangu mdogo,

Marahaba, marahaba. Magoti yanalalamika lakini yanatembea. Dawa nimempa jirani, sasa ananuka yeye.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti mbele ya picha ya mume wetu ili naye asikie. Watu wazima watatu wakae kumsikiliza mjukuu wa fundi cherehani! Kichwa kilinivimba mpaka kilemba kikakataa kufunga.

Sarafu nimeitoa kwenye sanduku lake la mikasi. Alikuwa ameifunga kwenye kipande cha ile karatasi ya kaki aliyokuwa anakatia mitindo ya nguo. Nikuambie ukweli, mume wetu alininyima sarafu hiyo miaka arobaini. Mimi, niliyesafisha vyombo vya fedha vya hoteli kubwa miaka thelathini na mmoja, vijiko mia nne kila wiki, halafu ndani ya nyumba yangu kuna fedha imefubaa kama sufuria la kuazima! Kila nikiisogelea na kitambaa ananiambia, "Mke wangu, hii imevaa suti. Usimvue mtu nguo." Ufunguo wa sanduku ulikaa mfukoni mwake mpaka siku aliyotuacha.

Lakini kukupeleka mbele ya wakubwa zako na kitu kichafu, waseme huyu hana bibi? Thubutu! Nimeisugua siku mbili. Unga wa chaki, tone la maji, pamba laini, halafu dole gumba, mizunguko midogo midogo. Weee! Nimeyaona meno yangu yote mle ndani, hata lile bovu. Inang'aa kuliko siku iliyotengenezwa.

Karatasi ya kaki nimeibakiza sandukuni, imechakaa sana. Ukipata hiyo sabini usijifanye hunijui.

Mke mkubwa,
bibi yako


24 Machi

Kwa mke mwenzangu,

U mzima? Mimi ni mzima, ila roho haijatulia. Mtu wa posta amenionyesha daftari, kifurushi ulikipokea na kusaini tangu tarehe nane. Au unaumwa? Kama ni kazi nyingi, niandikie hata mstari mmoja. Kama ni kitu kingine, niandikie miwili.

Bibi yako


30 Machi

Kwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima wa mwili.

Kifurushi nilikifungua nikiwa nimekaa kitandani, na nilipoona kilichomo nililia kama mtoto aliyeporwa. Sikujibu kwa sababu kila barua niliyoianza ilikuwa na maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi yake. Nimechana nne.

Bibi, umeivua ile suti kweli. Zile rangi ulizoziona uchafu ndizo zilizoifanya iwe ya peke yake. Sarafu iliyosuguliwa hapa haipewi alama hata moja. Kwenye kikaratasi wanaandika neno moja tu, Imesafishwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Fedha ambayo haijasuguliwa, ukiizungusha chini ya taa, mwanga unakimbia juu yake kwa duara. Hii yetu nimeizungusha mpaka mkono ukachoka, mwanga umesimama palepale. Nimeiweka chini ya lenzi nikaona michirizi ya pamba yako, mizunguko midogo midogo kama ulivyosema, mamia kwa mamia.

Mtihani ni tarehe ishirini mwezi ujao. Sina muda wa kutafuta sarafu nyingine. Nimekukasirikia, Bibi, siwezi kuficha. Na nimejikasirikia mimi zaidi, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa moja tu, usisugue, na sikuliandika. Nilijua wewe ni nani na kazi yako ilikuwa nini, bado sikuliandika.

Mjukuu wako


7 Aprili

Kwa mjukuu wangu, maana sijui kama bado nina haki ya kukuita mke mwenzangu,

Afya yangu usiiulize, chakula hakipiti. Nisamehe. Naandika tena: nisamehe. Miaka arobaini mume wetu alikuwa ananieleza, na mimi nikadhani ni utani wa mafundi cherehani. Nimekaa sakafuni mbele ya sanduku lake nikamwomba radhi na yeye. Hakujibu, lakini yeye hata alipokuwa hai alikuwa mzito wa kujibu.

Rangi siwezi kuirudisha. Lakini mimi ndiye niliyetenda kosa, kwa hiyo acha nikueleze kosa hilo linavyotendeka, labda litakusaidia.

Pale hotelini mhudumu mmoja aliwahi kufungia vijiko vya chai kabatini pamoja na masalia ya mayai ya kuchemsha. Kesho yake vimetoka na rangi zote za upinde wa mvua! Jikoni kote walivishangilia, meneja akaja kuvitazama. Mimi nikawaambia hii ni rangi ya haraka. Rangi iliyokuja polepole huanzia pembeni na kupanda kwa zamu, manjano, kahawia, zambarau, ndipo bluu, na hakuna inayomruka mwenzake. Rangi ya haraka haina adabu. Utakuta bluu imekaa bega kwa bega na manjano, katikati hakuna kitu.

La pili. Kijiko kikisuguliwa kwanza halafu kikashika rangi, rangi inazama ndani ya michirizi ile ya kitambaa. Utaiona kama uchafu ndani ya mistari ya kiganja.

La tatu, chaki haitoki yote. Ufute utakavyofuta, unga mweupe unabaki miguuni mwa herufi, pale kwenye kona. Nilikuwa nautoa kwa sindano, kijiko kimoja kimoja, na bado ulinishinda.

Nenda na sarafu hiyohiyo. Wakiuliza nani kaiharibu, nitaje. Usinifiche.

Bibi yako


26 Aprili

Kwa mke mkubwa, mwenye vituko vyako,

Shikamoo mara tatu. Kula! Kula kwanza, halafu usome. Umekula?

Haya. Tuliingia chumba cha taa saa tatu asubuhi, wapimaji watatu upande ule, sisi watatu upande huu. Kabla ya sarafu zetu, Mzee Lenzi akatoa moja mfukoni mwake akaiweka kwenye kitambaa cheusi. Jamani, Bibi, ilikuwa nzuri mpaka nikasahau kupumua. Bluu, waridi, manjano, kijani. Akasema kila mmoja aitazame na kuandika alama. Mwenzangu wa kwanza akaandika sitini na tano, wa pili sitini na sita. Mkono wangu nao ulikuwa umeshaanza kuandika sita.

Hapo nikakukumbuka wewe na vijiko vyako vya mayai. Nikaichukua tena. Bluu ilikuwa imekaa bega kwa bega na manjano, katikati hakuna kitu. Nikaweka lenzi, nikaona rangi imezama ndani ya michirizi. Nikashuka miguuni mwa herufi, kona kwa kona. Unga mweupe ulikuwepo, mdogo kama chumvi. Nikaandika: "Ilisuguliwa kwanza, halafu ikapikwa rangi. Haina alama." Mzee Lenzi alisoma akainua nyusi.

Wenzangu wakaleta sarafu zao, wakazisifia vizuri. Zamu yangu ilipofika niliiweka ile ya Babu, inang'aa kama kioo cha kinyozi. Nikasema haina alama, imesafishwa. Wakaniuliza najuaje. Nikawaambia imesuguliwa mwezi wa pili, kwa unga wa chaki na pamba, dole gumba la mkono wa kulia, siku mbili, na mtu aliyetaka nisiaibike mbele yenu.

Mzee Lenzi akasema amekaa kwenye kiti kile miaka ishirini na sita na hajaona mwanafunzi anainyima alama sarafu yake mwenyewe. Kisha akauliza ile ya kwanza nilifundishwa na nani, maana yeye hakutufundisha mambo ya chaki. Nikasema, "Bibi yangu. Ni msafishaji." Walicheka mpaka yule mama mpimaji aliyekaa katikati akavua miwani kufuta machozi.

Bibi, nimepata kazi!

Sarafu nakurudishia. Mzee Lenzi aliuliza ilikuwa inakaa ndani ya nini, nikamtajia karatasi ya kaki ya kukatia nguo. Akasema karatasi ile ndiyo iliyokuwa fundi, imeivalisha kidogo kidogo miaka yote hiyo. Ifunge humohumo, iweke sandukuni, na ufunguo mpe jirani. Nakujua wewe. Usiiguse!

Na samahani kwa ile barua. Zile nyingine nne nilizochana zilikuwa mbaya zaidi, shukuru Mungu.

Mke mdogo,
mpimaji wa sarafu


9 Machi

Kwa mke mwenzangu, mpimaji,

Marahaba. Hujambo na macho yako? Mimi goti la kushoto limestaafu, la kulia bado linaripoti kazini. Nilifurahi ulivyokuja mwezi wa kumi na mbili, na najua ulikuwa unalitazama sanduku kwa jicho la pembe. Ulijizuia, na mimi nilijizuia. Miezi kumi sijaigusa. Ufunguo anao jirani, ananilinda kama benki.

Vijiko vyangu vya nyumbani navyo nimeviacha vivae vinavyotaka. Wageni wanadhani nimezeeka.

Sasa sikia. Jana uvumilivu ulinishinda. Nikamwita jirani aje na ufunguo, nichungulie tu, mikono nimeifunga mgongoni. Akafunua karatasi. Sarafu nyeupe vilevile. Nikasema basi, nimemuua mume wetu mara mbili. Jirani akaisogeza dirishani, akainamisha hivi na hivi. Mjukuu wangu! Pembeni kabisa, ukingo mzima kwa duara, manjano! Membamba kama uzi, lakini yapo, na yamekaa kwa adabu yake, yameanzia panapotakiwa. Mume wetu ameanza kuvaa. Kwa sasa ni kola tu.

Suti nzima sitaiona. Nina miaka sabini na minane, hesabu hiyo naijua, na wala sihuzuniki. Utaiona wewe, na mimi nimeiona kola kwa macho yangu haya. Nilikaa pale dirishani nikitabasamu peke yangu kama bi harusi.

Jirani naye akasema, "Ina kivumbi kidogo hapa," akakunja upindo wa nguo yake ili apanguse. Nikampiga kibao cha mkono mpaka ufunguo ukadondoka. Nikamwambia, "Usimvue mtu nguo!"

Mke mkubwa,
bibi yako