Kimya cha Mguu wa Baba

Shoga, nimejifungia chooni hospitalini. Usipige simu, andika tu.

Daktari amempima baba mguu kwa kile kimashine kinachovuma damu ikipita. Juu ya goti kikavuma. Chini ya goti kimya. Akarudia. Kimya!

Akanivuta kando: "Tukikata chini ya goti, kidonda hakitapona. Tukate juu."

Na mimi nilishamwapia baba kwamba juu ya goti sisaini. NILIMWAPIA!

Sasa sikia. Baba kanishika mkono, meno yote nje: "Umesikia, mwanangu? Huku chini kumetulia. Ugonjwa umekwisha."

KUMETULIA, shoga!

Fomu ninayo hapa. Nitatokaje humu?

Ngoja, baba anagonga mlango kwa mkongojo.

"Mama, toka twende nyumbani. Nimeshavaa viatu vyote viwili."