Vyoo Thelathini na Sita

Jumatatu, 3 Juni 1996

Leo wametoa meza yangu ya kuchorea. Wameipitisha dirishani, mlangoni haikuenea! Mahali pake pamebaki patupu kama jino lililong'olewa.

Bosi wetu Theonest kasema kwa upole: ofisi haitahitaji tena wachoraji wa mkono. Anayetaka kubaki ajue kompyuta kabla Juni haijaisha. Hapa Chang'ombe mchoraji wa mkono ni mimi peke yangu, kwa hiyo nilijua anasema na nani. Lakini nilipopunguzwa wizarani mwaka 93 nilipewa barua tu. Huyu kanipa mwezi. Nimerudi nyumbani nimeshusha pumzi.

Mke wangu Zubeda kauliza, wamekufukuza? Nikamwambia bado. Kasema alhamdulillahi, akaongeza tui kwenye kisamvu.

Jambo moja linanikera. Meza yangu niliielekeza kibla mwenyewe, yaani kaskazini, na kila ramani niliibandika kaskazini juu. Juu ya karatasi ni kibla, basi, sina haja ya kufikiri. Kompyuta wameielekeza kwenye mlango wa choo.

Jumatano, 5 Juni

Nimeona maajabu!

Anayenifundisha ni Monica, binti wa Masasi, umri wa mwanangu wa pili. Kazi yenyewe: bweni la wasichana la shule ya Kiislamu inayojengwa Tabata. Vyoo vya kuchuchumaa thelathini na sita, safu nne za vyoo tisa tisa. Kwa mkono hiyo ni siku nzima. Unachora kimoja, kingine, kingine. Wino ukivuja unakwangua kwa wembe. Ukifika cha ishirini unamlaani aliyebuni choo.

Monica kasema, "Mzee Mwishehe, chora kimoja tu. Kimoja, ila kizuri."

Nikachora. Nikakilaza kulia-kushoto kama desturi yangu, kisitazame kibla wala kuipa mgongo, maana dini yetu inakataza. Kisha kuna amri inaitwa ARRAY, wao wanasema "arei". Mashine inauliza kama kadhi: safu ngapi? vingapi kila safu? umbali gani? Mara ya kwanza nilikosea umbali, vyoo vikalaliana kama dagaa kwenye fungu. Monica kacheka mpaka kashika meza. Mara ya pili – kufumba na kufumbua – thelathini na sita, vimejipanga!

Theonest kapita nyuma yangu. "Mzee, umeiva!" Nimeiva! Na Juni haijafika hata katikati.

Alhamisi, 6 Juni

Ramani imekwenda Tabata kwa Ustadh Twaha, anayesimamia ujenzi. Nakala moja tumeibandika ukutani. Mafundi wataanza kuchimba Jumanne. Nimenunua machungwa sita njiani, bila sababu.

Ijumaa, 7 Juni

Mungu wangu.

Alasiri nilitandika mkeka pale pale ilipokuwa meza yangu. Ile nakala iko ukutani mbele yangu. Rakaa ya pili, jicho likaponyoka, likaenda kwenye mshale wa kaskazini pembeni ya ramani. Mshale umelala! Unatazama kushoto. Kiwanja ni kirefu, Monica aliigeuza ramani nzima ili ienee kwenye karatasi. Na aliniambia, Jumatano ile ile. Nikaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtu mzima asiyetaka kuonekana hajui.

Kwa hiyo kibla iko kushoto. Na mie vyoo nimevilaza kulia-kushoto. Wasichana wote wa bweni wangechuchumaa wameelekea Makka! Sala ile Mungu anajua mwenyewe.

Kwa mkono nisingefika huko. Ningekosea kimoja, cha pili mkono ungestuka. Mashine haistuki. Imeambiwa rudia, inarudia.

Theonest alikuwa kwenye ujenzi mwingine Kipawa, na simu haikupatikana. Nikamwambia Monica. Hakuelewa, yeye ni Mkristo. Akauliza, "Kwani choo nacho kina kibla?"

"Hakina, mwanangu. Ndiyo ishu yenyewe."

Nikamweleza. Akaziba mdomo. Halafu akasema, "Sasa mzee unahangaika nini? Si ugeuze kimoja?"

Vyumba vyenyewe ni vya mraba, choo kinageuka bila kugusa ukuta. Nikageuza kimoja. Tukafuta vingine vyote, tukaita tena arei. Safu nne, tisa tisa. Dakika nne hazikutimia! Kinachoharibu kwa mkupuo kinatengeneza kwa mkupuo. Kesho naipeleka mpya mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefika Tabata saa tatu. Ustadh Twaha kanikaribisha chai na kashata. Kumbe fundi wake alishaona kosa tangu juzi. Ustadh katazama ramani mpya, kaigeuza, kapima kwa kiganja, kasema mashallah, hakuna kilichoharibika, hata jembe halijagusa ardhi. Nilitaka kumkumbatia.

Kisha kasema jana usiku alimpigia Theonest nyumbani kulalamika. Theonest kaapa kwamba aliyechora atajieleza Jumatatu, na huenda asibaki.

Nikairudisha kashata sahanini.

"Wewe usihofu, sheikh wangu," Ustadh akanituliza. "Najua si wewe. Mwislamu mzima utaelekezaje choo kibla? Ni yule binti. Hana kosa sana, hakujua. Jina lake si hili hapa?"

Nikatazama anapoonyesha. Chini pembeni, kwenye kisanduku: Imechorwa na Monica Kasiani. Kila ramani ya ofisi tunaianzia kwenye karatasi aliyoiandaa Monica ndani ya kompyuta, kisanduku kinakuja chenyewe na jina lake. Hata kwenye ramani mpya lipo. Wala sikuliona.

Nikanywa chai yangu. Nikaaga.

Nimeshukuru, niseme kweli humu ambamo hasomi mtu. Nimepata ahueni, na nimeona haya, vyote kwa pamoja.

Jumapili, 9 Juni

Sikumaliza chakula, Zubeda akanibana, nikamwambia yote. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua uso. Kasema, "Wewe walikupa mwezi. Huyo mtoto wa watu unampa nini?"

Akaendelea na mchele wake.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefika ofisini kabla ya mfagizi. Nimefungua ramani mwenyewe. Nimefuta Monica Kasiani kwenye kisanduku, nikaandika jina langu, Mwishehe, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Nikaamuru plota, ile mashine ya kutolea ramani, ichore.

Monica kaingia. "Shikamoo mzee, mbona alfajiri?" Hajui lolote. Kaniletea andazi.

Halafu Theonest. Hakusalimia. "Monica, njoo ofisini kwangu."

Nikasema, bosi, subiri kwanza ramani itoke. Kasimama kando ya plota, mikono mfukoni. Monica naye kasimama, mkoba begani.

Naandika huku nasubiri. Plota yetu inachora kwa kalamu, haina haraka. Imemaliza kuta. Sasa vyoo, kimoja, kingine, kingine, vyote vinatazama mashariki. Theonest anavihesabu kwa kidole. Nadhani namjua: ataniuliza kama mtu wa miaka arobaini na tisa anaweza kusoma mshale. Na aulize! Ajabu, kifua ni chepesi. Tangu Jumamosi sijapumua hivi.

Mshale wa kaskazini umetoka. Kalamu imeshuka pembeni, kwenye kisanduku. Imechorwa na.

M.

Theonest kamtazama Monica. Monica kainamisha kichwa.

Kalamu imeinuka. Imesogea. Imeshuka tena.

W.