Tairi la Nyuma Kushoto

4 Mei 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Khabari za huko nyumbani Kiponda, na miguu inaendeleaje? Mimi huku Uingereza mzima, ila baridi bado haijanizoea.

Ulisema hutaki nikutumie sauti kwenye simu, unataka maandishi humo humo uyarudie, basi haya. Umeuliza nnafanya nini hasa kwenye hii timu ya magari ya mbio. Kazi yangu tairi. Likitoka garini nnalipima, nnatazama limelika wapi na limepata moto kiasi gani. Gari la timu yetu ya Zambarau lina kasi kuliko yote, lakini linakula tairi la nyuma kushoto. Dereva akikaza mwanzoni, tairi hilo linakwisha mbio ziko nusu. Kwa hiyo anaanza polepole makusudi, watu wanadhani anaringa. Wapinzani wetu, timu ya Manjano, gari lao si jepesi kama letu, ila tairi zao zinadumu. Siku wakilijua tatizo letu watamganda dereva wetu nyuma tangu mwanzo, akimbie apende asipende, na hapo tumekwisha.

Miraji wa Bi Saadiya yuko kwa hao Manjano, kama unavyojua. Yeye hukaa na makompyuta, anapanga lini gari lao liingie kubadilisha tairi. Jumapili alikuja kwangu, tukapika pilau ikatuungulia. Anakusalimu. Khabari za kazi hatuzungumzi, ndivyo tulivyokubaliana.

Mwisho wa mwezi kuna mbio kubwa. Tukishinda nnapewa mkataba wa kudumu, na mimi nikipata mkataba nnakuleta huku utibiwe miguu. Niombee.

Mwanao,
Haitham

10 Mei 2025

Mwanangu Haitham,

Marahaba, Mungu akukuze. Sijambo, miguu ndiyo hii hii. Maneno yako nimeyasoma mpaka macho yamechoka. Ati gari la mamilioni linakula tairi! Marehemu baba yako, gari lake la ng'ombe kule Kizimbani lilikuwa na tairi mbili kuukuu za gari bovu, kabebea karafuu mpaka ng'ombe akazeeka, tairi ziko vile vile. Hao wakubwa wako wangemuuliza yeye.

Usiwe na wasiwasi. Jana nimekusomea Yasini hapa nyumbani. Majirani walijaa mpaka ukumbini. Bi Shahida wa chuo cha Kurani ndiye aliyeongoza, kaomba kwa jina lako na kwa haja yako, watu wakaitikia amin nyumba nzima. Saadiya naye alikuja na sahani ya visheti. Sahani yake ninayo bado, nangoja nipike kitu kizuri nimrudishie.

Lakini huyo Miraji, mwanangu. Mnakula sinia moja na mnagombania kikombe kimoja? Mtoto mwenye maneno matamu vile mimi humtazama mara mbili. Jicho lako liwe wazi.

Mama'ko

26 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, roho siyo.

Jana tumeshindwa. Tangu taa za kuanzia mbio zilipozimwa Manjano walimganda dereva wetu nyuma, jambo ambalo hawajalifanya hata siku moja. Hawakutaka kupita, walitaka akimbie tu. Akakimbia. Tairi la nyuma kushoto likaanza kutoa vipande, na wao ndipo wakapita. Walijua, mama. Walijua hata upande wenyewe.

Leo nimeitwa ofisini. Wameniuliza nimemwambia nani. Nikasema sikumwambia mtu, wallahi. Wakatazamana. Wanajua nna rafiki Manjano. Kompyuta yangu wameichukua, na mkataba hautajwi tena.

Nikakumbuka Jumapili ile ya pilau. Nilikwenda kuoga, kompyuta iko wazi mezani, na Miraji yuko peke yake. Nimempigia nikamtukana matusi ambayo siwezi kukuandikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata simu. Mtu asiye na kosa hukata simu? Tumekua mlango kwa mlango, leo ananiuza.

Mwanao,
Haitham

27 Mei 2025

Haitham mwanangu,

Nilisema! Sikusema? Pole, baba, pole sana. Jana sikulala kwa hasira.

Sahani ya Saadiya nimemrudishia leo asubuhi. Tupu. Hata kipande cha sukari sikutia, na nimempa mlangoni bila kuingia ndani. Akaitazama ile sahani, akanitazama mimi, akasema, "Mwamvua, kuna nini?" Nikamwambia kamuulize mwanao. Tangu nizaliwe sijamrudishia jirani sahani tupu. Lakini roho yangu ilipoa.

Wewe wape hao wakubwa jina la Miraji. Usimwonee haya, yeye hakukuonea.

Mama'ko

22 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Kazi nzuri, hali ya hewa nzuri.

Nimeonana na Miraji, yamekwisha. Tafadhali mpikie Bi Saadiya kitu umpelekee.

Haitham

24 Juni 2025

Haitham,

Marahaba. Nzuri, nzuri! Unanifanya mjinga? Mwanangu aliyekuwa akiniandikia mpaka khabari za pilau kuungua, leo ananiletea salamu za karani.

Yamekwisha vipi? Kakupa nini? Au umeoa huko na mwanamke kakukataza kuzungumza na mama yako? Mkataba umepata? Tairi limepona? Na kwa Saadiya sipeleki kitu mpaka nijue. Tunapishana uchochoroni kama hatujuani. Kuna jambo unanificha, Haitham, na mimi nitalijua.

Mama'ko

3 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Kazi ile nimeiacha. Nimepata nyingine kwenye karakana ya mabasi. Usiniulize, nakuomba. Niko mzima.

Haitham

16 Agosti 2025

Mwanangu kipenzi,

Leo salamu nazitoa mimi kwanza. Hujambo, baba? Unakula? Unalala?

Saadiya kaja juzi. Kasimama mlangoni na buibui lake, akasema, "Miraji kaniapisha nisikwambie, lakini siwezi tena kupita hapa kama mwizi." Nikamwingiza ndani. Akaniambia yote.

Siku ile ya Yasini Bi Shahida aliniuliza haja. Kwani haja si husemwa wazi? Nikaisema. Nikasema tairi la nyuma kushoto, nikasema dereva anaanza polepole, nikasema wapinzani wasijue wasije wakamganda. Nilitaka dua yako isipotee njia. Ukumbi mzima ulisikia. Saadiya kesho yake kampigia mwanawe kwa furaha, kamwambia mwenzako kasomewa Yasini ya tairi la nyuma kushoto. Yeye hakujua anasema nini. Miraji alijua, na akaitumia. Anasema tangu siku ile halali usingizi. Asilale!

Na wewe Miraji alipokwambia hayo ukayaficha. Ungewaambia wakubwa wako ni mama yangu! Wangekulaumu mdomo, lakini wasingekuita mwizi. Ulidhani watakuja kunifunga pingu hapa Kiponda? Umeacha kazi uliyoipenda ili jina langu lisitajwe mbele ya watu nisiowajua.

Nimemshuku Miraji, nimemshuku Saadiya, nimemshuku na mke ambaye hata hujamwoa. Kumbe zile barua fupi ulikuwa unaniogopa mimi. Hilo limeniuma, Haitham, kuliko kazi, kuliko miguu. Nisamehe, mwanangu.

Nimempikia Saadiya mkate wa kumimina, sahani nimeijaza mpaka ukingoni. Tumelia sote wawili, mkate ukapoa.

Jana nimekusomea tena. Bi Shahida akauliza, "Haja gani, Bi Mwamvua?" Wote wakageuka kunitazama. Nikamwambia Mungu anaijua. Akangoja niongeze, sikuongeza. Saadiya ndiye aliyeitikia amin wa kwanza.

Sasa niandikie kama zamani. Hayo mabasi nayo yanakula tairi? La upande gani? Niambie mimi, baba. Sitamwambia mtu.

Mama'ko