Waliorudi Nyumbani

Kwa Shangazi yangu mpendwa Yeshimebet,

Sisi wazima, na kahawa uliyotutumia bado ipo. Nakuandikia kwa furaha, ingawa juma lililopita niliogopa kufukuzwa kazi.

Halmashauri ilinituma kuhesabu watu wanaovuka barabara kuu mbele ya kanisa, ili iamue kama itajenga daraja la waenda kwa miguu. Nikahesabu tarehe ishirini na moja, siku ya Mariamu, sikukuu ya kila mwezi! Mji mzima ulikuwa umejitanda shuka nyeupe ukienda kusali. Nilipogundua, nilikiri kwa mkuu wangu, Bi Aselefech.

Akacheka. "Mwanangu, umehesabu ibada, si barabara! Kesho karudie."

Kesho yake wavukaji walikuwa robo tu. Nikajua nimeliua daraja. Lakini niliwaona wazee waliosimama kando, wakangoja magari yapungue, kisha wakarudi nyumbani bila kuvuka, kama ulivyofanya wewe Pasaka iliyopita. Nikawaandika nao: themanini na watatu.

Kikaoni mjumbe mmoja alifoka, "Asiyevuka anahesabiwaje?"

Bi Aselefech akamjibu, "Baba, hao ndio wenye daraja."

Limepitishwa. Likikamilika, Shangazi, njoo tuvuke sote.

Mwanao,
Zelleke